Usalama wa kompyuta na simu: nyanja za utafiti zilizo wazi kwa vijana wa Pwani

Nyaya kubwa zinazoiletea Kenya intaneti zaibukia hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012 na PEACE ikafika 2022. Zote hutoka baharini na kukanyaga nchi kavu Mombasa kabla ya kupanda bara. Kwa upande wa pesa, tangu M-Pesa ianze Machi 2007, ni nadra leo kupata muuza samaki, dereva wa tuktuk au kamati ya harusi isiyopokea pesa kwa simu. Pwani imekaa mlangoni pa mtandao, na maisha yake yamo ndani ya mtandao huo.

Lakini ukiuliza ni nani anayechunguza usalama wa mlango huu, majina utakayotajiwa ni ya Princeton, Hamburg na Leuven. Watu wa huko wamefanya kazi kubwa na wanastahili shukrani. Hata hivyo, wao huuliza maswali ya kwao. Hawajui vipi bibi wa Old Town humpa mjukuu namba yake ya siri, wala tapeli anatumia Kiswahili gani kumvuta mama wa Kisauni. Hayo tunayajua sisi, na mpaka leo hatujayaandika vya kutosha.

Vijana wetu wakisikia "usalama wa mitandao" aghalabu hufikiria mambo mawili: kazi ya kurekebisha kompyuta ofisini, au udukuzi wa kuingia mahali mtu hakualikwa. Ipo njia ya tatu, nayo ni utafiti. Makala haya yanaeleza nyanja zilizo wazi, yaliyokwisha kugunduliwa, sheria inavyotaka, na mahali pa kuanzia. Nimeyaandika nikimfikiria kijana mwenye diploma au digrii ya kwanza, mwenye kompyuta ya kawaida na hamu ya kujua.

Laini ya simu inapohamishwa bila mwenyewe kujua

Tuanze na mfano, maana mfano ndio unaoonyesha utafiti ni kitu gani hasa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitoa matokeo ya kazi moja nyepesi kuieleza. Walichukua laini za malipo ya kabla kutoka kampuni 5 za simu, laini 10 kwa kila kampuni. Kisha wakapiga simu huduma kwa wateja na kuomba namba ihamishiwe kwenye kadi mpya, huku wakitoa maelezo machache tu, yale ambayo tapeli angeweza kuyapata. Mara 39 kati ya 50 walifanikiwa. Baadhi ya kampuni zilikubali mteja athibitishe kwamba ni yeye kwa kutaja namba alizopiga karibuni. Hapo tapeli hana kazi kubwa: anakubip, nawe unampigia kumuuliza ni nani, basi tayari ameijua namba moja uliyoipiga. Watafiti waliziarifu kampuni mapema, na moja kati ya hizo, T-Mobile, ikawajibu Januari 2020 kwamba imeacha kutumia njia hiyo.

Tazama walivyovitumia: simu, laini za bei nafuu, daftari na subira. Hawakuiba hata senti, kwa sababu laini zote zilikuwa zao wenyewe. Matokeo yakabadilisha desturi ya kampuni kubwa.

Sasa tulete swali hilo nyumbani. Ulinzi mwingi wa laini husimama juu ya maswali ambayo eti mwenye laini peke yake ndiye ajuaye majibu yake: jina kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa. Mtaani kwetu hiyo ni siri ya namna gani? Jina la mama yako mtaa mzima walijua. Namba ya kitambulisho umeiandika kwenye daftari la wakala, kwenye lango la kila jumba unaloingia, na kwenye fomu za chama. Mtafiti wa Pwani anaweza kupima jambo hili: kati ya watu 100 walioridhia kushirikishwa, ni wangapi ambao jirani au binamu anaweza kujibu maswali yao yote ya usalama? Kazi hiyo haitaki maabara. Inataka karatasi ya maswali iliyotungwa vizuri, ruhusa, na mtu anayepokewa barazani.

Kadhalika lipo suala la namba ya siri inayotumiwa na watu wawili. Wataalamu husema namba ya siri haigawanywi. Lakini mzee asiyeona vizuri atatoaje pesa bila kumtegemea mtu? Kumwambia "usimpe mtu" si jibu. Swali la utafiti ni hili: mfumo uundwe vipi ili mzee asaidiwe bila kutoa funguo zote za nyumba? Mathalan mjukuu aruhusiwe kulipa maji na stima tu, na kiasi kikipita kiwango fulani mzee mwenyewe aulizwe. Hilo bado ni shamba linalongoja mkulima.

Utapeli unaozungumza Kiswahili

Kila mwenye simu hapa ameupata ujumbe wa pesa "zilizotumwa kimakosa," wa zawadi asiyoishindania, au simu ya mtu anayejiita mhudumu wa kampuni. Ukikaribia msimu wa hija huja vifurushi vya umra vya bei ya ajabu. Ramadhani huja maombi ya sadaka kwa ajili ya mayatima wasiojulikana wako wapi. Na kwa vijana wetu wengi wanaotafuta riziki Ghuba, huja kazi za hewa zinazotaka "ada ya viza" kwanza.

Kompyuta hufundishwa kutambua jumbe kama hizo kwa kupewa mifano maelfu, ya kweli na ya uongo, mpaka ijifunze tofauti. Mifano mingi inayotumika duniani ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni michache, na Kiswahili chenyewe kinachoandikwa kwenye simu si cha kitabuni: kimechanganyika na Sheng, kimekatwakatwa, na huku kwetu kina Kimvita, Kiamu, Kidigo na Kigiriama ndani yake. Programu iliyofunzwa kwa Kiswahili cha habari za redio haitaelewa "nirushie kwa hii ingine, ile imefungwa."

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana kazi sawasawa na mwanafunzi wa kompyuta. Wawili hao wakishirikiana wanaweza kukusanya jumbe kutoka kwa watu wanaoridhia, wakafuta majina na namba zote, wakazipanga kwa aina ya hila: ya hofu, ya tamaa, ya huruma, ya haraka. Mkusanyiko kama huo, ukitolewa hadharani kwa watafiti wengine, ni mchango wenyewe hata kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Na pana swali la ndani zaidi: kwa nini mtu mwenye akili timamu huamini? Kusema "tamaa" ni kumdhulumu. Aghalabu ujumbe humkuta mtu akingoja pesa kweli, au akiwa na mgonjwa hospitalini. Utafiti wa mazungumzo ya ana kwa ana na waliotapeliwa, kwa heshima na bila kuwaaibisha, unahitajika sana.

Programu za pesa na mikopo

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walizipima programu 46 za Android za huduma za pesa kwa simu kutoka nchi mbalimbali zinazoendelea, na 7 kati yake wakazifungua na kuzichunguza kwa undani. Nyingi kati ya hizo 7 zilikuwa na kasoro kubwa: nyingine hazikuhakikisha kwamba seva zinayozungumza nayo ndiyo ya kweli, nyingine zilitumia usimbaji fiche uliobuniwa ovyo. Vilevile walisoma masharti ya huduma na kukuta kwamba pesa ikipotea, mzigo mara nyingi huwekwa juu ya mteja.

Jambo la mwisho hilo ni muhimu. Usalama si hesabu za kompyuta tu. Ni pia swali la nani analipa kasoro inapotokea. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuchukua masharti ya programu zinazotumika Kenya leo, akalinganisha yanavyosema na yanavyotekelezwa.

Programu za mikopo nazo ni uwanja mpana. Watu wengi wamewahi kusikia jamaa aliyechelewa kulipa, kisha shemeji na mkuu wake wa kazi wakapigiwa simu kuambiwa deni lake. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa programu iliomba kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mwenye simu akabonyeza kukubali. Tangu hapo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeanza kutumika, na kanuni za mwaka 2022 zikaziweka kampuni za mikopo ya kidijitali chini ya leseni ya Benki Kuu. Je, mambo yamebadilika? Mtafiti anaweza kuiweka programu kwenye simu yake mwenyewe, akaorodhesha ruhusa inazoomba, akatazama data inayotoka kwa kutumia chombo cha bure kama Wireshark, halafu akalinganisha na ahadi iliyoandikwa kwenye sera ya faragha ya kampuni hiyo.

Mtandao wa simu wenyewe

Nyanja hii ni ngumu zaidi, lakini ndiyo msingi wa zote.

Simu za kizazi cha pili, 2G, zilianza biashara Finland mwaka 1991. Zilikuwa na pengo moja kubwa: simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Ni sawa na askari anayekudai kitambulisho huku yeye hana hata sare. Kwa sababu hiyo mtu akiweka mnara bandia wenye mawimbi yenye nguvu, simu za karibu zitaufuata. Isitoshe, usimbaji fiche wa 2G uitwao A5/1 ulifichuliwa hadharani mwaka 1999, na ilipofika 2009 Mjerumani Karsten Nohl na wenzake wakaonyesha kwamba unaweza kufunguliwa kwa vifaa vya bei nafuu. Kizazi cha tatu kiliziba pengo la mnara kwa kutaka pande mbili zithibitishane, lakini simu nyingi bado huweza kushushwa hadi 2G. Tangu Android 12 baadhi ya simu zina swichi ya kuizima 2G kabisa. Ama mwenye kabambe hana swichi hiyo, na wenye kabambe ni wengi. Ni wangapi Kwale, Tana River na Lamu ambao wangebaki bila mawasiliano 2G ikizimwa, na ni wangapi wako hatarini ikiachwa? Swali hilo ni la kiufundi na la haki kwa pamoja.

Kuna tena SS7, lugha ambayo kampuni za simu hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, mathalan unaposafiri na laini yako. Ilibuniwa miaka ya 1970, wakati kampuni zilikuwa chache na zikiaminiana. Disemba 2014, mjini Hamburg, Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha kwamba mwenye kuingia katika mfumo huo aweza kujua simu iko wapi na kunasa mawasiliano yake. Mwaka 2017 jambo hilo likatoka jukwaani likaingia mifukoni: wahalifu nchini Ujerumani walitumia SS7 kunasa jumbe za uthibitisho za benki na kuhamisha pesa za watu. Tangu siku hiyo, anayesema ujumbe mfupi wa namba ya uthibitisho watosha kulinda akaunti anahitaji kuulizwa upya.

Kizazi cha tano kimerekebisha mengi kwenye karatasi. Lakini kinaishi pamoja na vile vya zamani, na mlolongo una nguvu sawa na pete yake dhaifu. Kwa bahati njema, zipo programu huria kama Open5GS na srsRAN ambazo humwezesha mwanafunzi kujenga mtandao mdogo wa simu ndani ya kompyuta na kuupima. Angalizo: ukiziunganisha na redio inayorusha mawimbi hewani, umeingia kwenye masafa yenye leseni. Bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, kazi hiyo ibaki ndani ya kompyuta au kwenye waya.

Nyaya, njia na kukatika

Watu wengi hudhani usalama ni kuzuia wezi tu. Huduma kupatikana inapohitajika nayo ni nusu ya usalama. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata waya wa TEAMS. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini; intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Julai 2023 eCitizen ilielemewa na shambulio la kufurikishwa maombi ya uongo, na watu wakahangaika hata kupata tiketi za treni ya Mombasa na Nairobi.

Njia zenyewe za data zaweza kupotoshwa. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, ikijaribu kuzuia YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza njia isiyo sahihi, na kwa muda sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube. Dawa iliyobuniwa baadaye, RPKI, humwezesha mwenye anwani za intaneti kutia saini kwamba ni zake. Ni kampuni zipi za Kenya zimeshatia saini, na zipi zinakagua saini za wengine? Data hiyo iko wazi kwa yeyote anayejua kuisoma.

Swali jingine ni la hapa hapa. Kenya ina vituo vya KIXP, Nairobi na Mombasa, ambapo kampuni za intaneti hubadilishana mizigo yao bila kuipeleka ng'ambo. Je, barua pepe kutoka Likoni kwenda Kisauni hupita wapi? Waya mmoja ukikatika, shule na hospitali zetu zategemea njia ipi? Mradi wa RIPE Atlas hutoa vifaa vidogo bila malipo kwa watu wa kujitolea ili vipime mitandao ya mahali walipo, na programu ya OONI Probe hupima kama huduma fulani imefungwa. Upimaji wa mwezi mmoja kutoka Lamu, Malindi na Voi ungetuambia mambo ambayo hakuna mtu wa Amsterdam anayeweza kuyakisia.

Waifai za mitaani

Majengo mengi ya Mombasa sasa yana intaneti ya bei nafuu inayogawanywa na mfanyabiashara mdogo kutoka nyumba hadi nyumba. Huduma hiyo imewasaidia wengi. Lakini nani amebadilisha neno la siri la ruta lililotoka kiwandani? Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, yapata jozi 60 tu. Mwaka uliofuata Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alifichua kasoro iitwayo KRACK katika ulinzi wa waifai uliokuwa ukiaminika kila mahali. Vifaa vilivyosasishwa viliokoka. Vilivyoachwa bila kuguswa vilibaki na tundu. Uchunguzi wa ruta za mtaa mmoja, kwa idhini ya wenyewe, ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho chuoni, na matokeo yake humfaa mtaa wote.

Kwa wapenda hesabu, kuna mlango mwingine. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya kwanza vya usimbaji unaokusudiwa kustahimili kompyuta za kwantamu. Funguo na saini zake ni kubwa kuliko za zamani. Zitatoshaje kwenye kadi ndogo ya laini na simu ya shilingi elfu chache?

Piga hodi kwanza

Mswahili haingii nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi. Utafiti wa usalama una adabu hiyo hiyo, na Kenya imeitia katika sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo imefanyiwa marekebisho 2025, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila idhini, hata kama hakuchukua kitu. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kusema "nilikuwa najifunza" si kinga.

Kwa hiyo shika mambo haya:

Kwanza, pima kilicho chako: simu yako, laini yako, ruta yako, programu uliyoiweka mwenyewe. Cha mwingine, pata idhini ya maandishi inayotaja utapima nini na lini.

Pili, ukikusanya maelezo ya watu, Sheria ya Kulinda Data yakuhusu. Eleza unachotaka, chukua kilicho cha lazima tu, ficha majina, na mtu akijitoa mwache aende. Siri ya mtu ni amana.

Tatu, utafiti rasmi huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo na leseni ya NACOSTI. Vyuo vina ofisi za kuelekeza. Anza mapema kabla muda haujakubana.

Nne, ukigundua kasoro, usiitangaze kwenye Facebook. Mwarifu mwenye mfumo kwa maandishi, mpe muda wa kurekebisha, kisha ndipo uchapishe. Asipojibu, kipo KE-CIRT/CC, kituo cha taifa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kinachopokea taarifa za matukio ya mtandaoni. Kituo hicho pia hutoa ripoti kila robo ya mwaka, nazo zafaa kusomwa na kila anayetafuta mada.

Masomo na ufadhili

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu walikijua kama MIOME, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyote hufundisha kompyuta. Mwanafunzi aliye hapo hana haja ya kungoja kufika Nairobi ili aanze. Mradi wa mwisho wa digrii ni utafiti tayari, ukichagua swali la maana badala ya kunakili mfumo wa maktaba uliokwisha kujengwa mara mia. Mwenye diploma naye asijidharau. Anaweza kuendelea na digrii, na wakati huohuo akashiriki kama msaidizi wa kukusanya data.

Kwa shahada ya uzamili, Carnegie Mellon ina chuo chake Kigali, karibu na nyumbani, na huko kuna ufadhili kwa Waafrika. DAAD ya Ujerumani hufadhili masomo ya uzamili na uzamivu, hata ndani ya Afrika. Ipo Chevening na Commonwealth za Uingereza, na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Wale ambao macho yao yanatazama Ghuba wajue kwamba KAUST, kule Thuwal, Saudi Arabia, hufadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Hapa nchini, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti hutangaza ruzuku mara kwa mara. Ombi lolote kati ya hayo litakuuliza jambo moja: umekwisha kufanya nini? Ndiyo maana mradi mdogo uliokamilika na kuandikwa vizuri una thamani kuliko vyeti vitano vya kozi za mtandaoni.

Kinachopotea tukikaa kimya

Gharama ya kutofanya utafiti huu inaonekana kila siku. Mama anapotapeliwa akiba ya chama huambiwa ni uzembe wake, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha kwa takwimu kwamba mfumo wenyewe una tundu. Sera hutungwa Nairobi bila ushahidi kutoka huku. Na kijana hodari wa kompyuta, asipopata mahali halali pa kutumia akili yake, hupata mahali pengine; wanaomtafuta kwa kazi haramu hawamdai cheti.

Vyuo vyetu vinaweza kutenga kila mwaka maswali kumi ya Pwani na kuwagawia wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kaunti, zinazotoa basari kila mwaka, zinaweza kutenga fungu dogo kwa miradi hiyo. Kampuni za simu zinaweza kutangaza wazi anwani ya kupokea ripoti za kasoro, na kuahidi kutomshtaki anayeripoti kwa nia njema. Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji mabilioni.

Nawe kijana unayesoma haya, chukua swali moja kati ya yaliyotajwa hapa, liandike kwenye karatasi moja: unataka kujua nini, utapimaje, nani atakupa idhini. Mpelekee mwalimu wako wiki hii. Akikwambia swali ni kubwa mno, ligawe mara mbili umrudie.